Skiff ama katamarani: boti niliyomchagulia mdogo wangu Joram, Kariobangi

Wakuu, nawasalimu wote, walio kazini na walio kitandani.

Ule uzi wa juzi wa skiff na katamarani, ipi ni moto zaidi, naona umefika ukurasa wa tisa na watu bado wanatukanana. Mmoja ameona video. Mwingine ana binamu Kilifi. Mwingine hata hajui anabishana kuhusu nini, yeye ni kelele tu.

Nimesoma zote. Nikacheka kidogo, halafu nikaamua kuandika ya kwangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na kitu. Sijawahi kupanda boti ya matanga hata siku moja, na maji yakinifika magotini naanza kusali. Lakini hizo boti mbili nazijua kwa mkono na kwa sindano, na moja kati yao iliniharibia nyumba. Haya ninayoandika yalitokea. Ukiona ni porojo, nyuzi ni nyingi humu ndani, pita na ya kwako.

Nitaandika polepole kwa sababu miwani imepasuka kioo kimoja, kwa hivyo msinikimbize.

Miaka ya sabini ikielekea kuisha, mimi na mdogo wangu Joram tulikaa Kariobangi. Chumba kimoja, pazia katikati. Wazazi walikuwa wamerudi nyumbani magharibi, kwa sababu kifua cha baba kilikuwa kimekataa kazi ya kiwanda. Waliondoka wakaniachia maneno matatu tu: mwangalie huyu mtoto.

Huyo mtoto alikuwa na miaka kumi na tisa na ndevu.

Mimi nilikuwa na ishirini na mbili, na niseme ukweli, nilikuwa mkali. Nilimpangia Joram saa ya kuoga, viatu vya kanisani na hata marafiki. Alikuwa mtu wa kukubali. Ukimwambia kitu anakuangalia, anatabasamu upande mmoja, anasema, "Sawa, sista." Basi nami nikazoea kusikia sawa.

Kazi yangu ilikuwa kushona mahema na maturubai ya malori kwenye kampuni moja ya Industrial Area. Mashine kubwa, sindano nene, vidole vinakuwa vigumu hadi hausikii ukijidunga. Mara moja moja yaliletwa matanga yaliyochanika, na msimamizi aliyatupa kwangu kwa sababu mshono wangu haukukunja kitambaa.

Matanga hayo yalitoka kule Joram alikofanya kazi. Yeye alikuwa kibarua kwenye klabu moja ya matanga pale Dam, lile bwawa upande wa Langata. Najua mkisikia Dam mnafikiria magugu na chupa za plastiki. Wakati huo yalikuwa maji kweli, na Jumapili ungeona matanga meupe yamejaa.

Kazi ya Joram ilikuwa kusukuma boti majini, kuzitoa, kuziosha na kuzifunika. Lakini mwenye boti akikosa mwenzake siku hiyo, alimwita, "Joram, ingia." Hivyo ndivyo alivyojifunza, kwa kujaza nafasi za watu waliochelewa kuamka.

Wakuu, kijana yule alishikwa. Sijui niseme nini kingine. Wengine walishikwa na pombe, wengine na wasichana wa Huruma, yeye alishikwa na upepo.

Jioni alikuwa anavua pata-pata zake anaziweka mezani ninapokula, na mimi namfokea. Moja peke yake, hiyo ni skiff. Mbili sambamba na kitambaa juu yake, hiyo ni katamarani. Halafu anapuliza. Ugali wangu unapoa na mtu anapuliza viatu.

Sasa nyinyi wa ule uzi mwingine, tulieni niwaeleze alivyonieleza yeye, maana mnachanganya mambo.

Skiff ni tumbo moja, jepesi, bapa kwa chini, na tanga kubwa kuliko mwili wake. Watu wawili. Mmoja anashika usukani, mwingine anavaa mshipi kiunoni na kuning'inia nje kwa waya, miguu kwenye ukingo, mgongo karibu uguse maji. Uzito wa hao wawili ndio unaoizuia isilale. Ukizubaa kidogo, mko majini. Lakini ikipinduka, unapanda juu ya ubao unaochomoza chini ya tumbo lake, unavuta, inaamka, mbio zinaendelea.

Katamarani ni matumbo mawili membamba yaliyounganishwa kwa vyuma, katikati kuna turubai la kukalia. Inasimama yenyewe. Upepo ukiwa wa pembeni na njia imenyooka, inaiacha skiff mbali sana. Shida yake ni kona. Ukitaka kuigeuza upande wa upepo inasita, inaanza kurudi nyuma, na tanga linapigapiga tu. Na ikipinduka hadi mlingoti ukaelekea chini, imekuwa meza iliyogeuzwa miguu juu. Hapo mnangoja watu waje kuwasaidia.

Kwa hivyo ukiniuliza ipi ni kali zaidi, nitakuuliza unaenda nayo wapi. Maji mapana, chukua matumbo mawili. Maji madogo yenye kona kila mara, chukua tumbo moja. Hayo si maneno yangu, ni ya Joram, na hayajapitwa na wakati.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Nyuma ya stoo ya ile klabu kulikuwa na boti mbili zilizokufa. Skiff moja iliyopasuka ubavu, na katamarani moja yenye tundu puani na tanga lililochanika mara tatu. Wenyewe walikuwa wamerudi kwao Ulaya wakaziacha.

Mwanachama mmoja mzee, mtu wa heshima sana, alimwita Joram akamwambia hivi: chagua moja. Ukiitengeneza ikaelea kabla ya mbio za Pasaka, utashika usukani wewe mwenyewe siku ya mbio.

Elewa hapo, mkuu. Hakuna kibarua aliyewahi kushika usukani siku ya mbio. Walikaa mbele kama uzito, wakavuta kamba walizoambiwa wavute. Joram alikuja nyumbani siku hiyo akasimama mlangoni, hakuingia. Akaniambia, "Sista, wameniambia nitaongoza." Macho yalikuwa yamejaa maji. Na mimi nililia, sikatai.

Yeye alitaka skiff. Hakuwa na shaka hata kidogo. Dam ni ndogo, kona ni nyingi, skiff ndiyo boti yake.

Jumapili iliyofuata baada ya kanisa nikaenda naye kuziona. Hapo ndipo nilipoingiza mdomo wangu.

Ile skiff ilikuwa imelala kwa ubavu. Nikamwambia aisimamishe. Akaisimamisha, akaiachia, ikalala upande mwingine. Nikamwambia tena. Ikalala tena. Ile katamarani ilikuwa imesimama yenyewe kwenye nyasi, imetulia, unaweza kuipandia juu uanike nguo.

Mimi ni fundi wa kushona, wakuu. Nimefundishwa kwamba nguo haitoki dukani kabla mteja hajaivaa ukaiangalia mbele na nyuma. Hema tulilisimamisha uwanjani, tukavuta kamba zote, tukatafuta mikunjo, ndipo likaenda kwa mwenyewe. Katika akili yangu tanga lilikuwa hivyo hivyo. Lazima nilione limevaliwa.

Nikamwambia, "Hii ya kulalalala nitaipimia wapi tanga? Utaniambia nikashone ndani ya maji? Chukua hii inayosimama. Nitaivalisha pale pale Kariobangi, nione kasoro, nirekebishe. Uende kwenye mbio na kitu kilichokamilika."

Akasema, "Lakini kwa kona, sista..."

Nikamkata. "Kona utajifunza. Nani anashona, mimi ama wewe?"

Akaangalia ile skiff kwa muda. Halafu akatabasamu upande mmoja. "Sawa, sista."

Nimerudia dakika hiyo kichwani mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu.

Ilitufikia Kariobangi kwa pickup, matumbo yake yametokeza nyuma na kitambaa chekundu kimefungwa mwishoni. Tuliiweka kwenye uwanja nyuma ya mabanda ya mafundi wa mabati. Watu walikuja kuangalia wakatucheka hadi wakachoka. Mama mmoja muuza sukuma wiki akaniuliza kama tunangoja mafuriko. Nikamwambia ndiyo, na yeye hatapata nafasi.

Aliyetusaidia na tundu la puani alikuwa Karanja, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Alikuwa mtulivu, mikono yenye rangi hadi kwenye viwiko. Alijua fibreglass, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi, kwa sababu ya kutengeneza bampa. Alipiga msasa tumbo lile wiki mbili bila kudai kitu, na nilipomuuliza kwa nini, akasema anapenda kuniangalia nikifoka. Nikafoka zaidi. Mambo yalianzia hapo, na nyinyi ni watu wazima, endeleeni kujijazia.

Mimi nilishona tanga kila nilipotoka kazini, nimepiga magoti sakafuni kwetu, kitanda kimesimamishwa ukutani ili nafasi itoshe. Joram alinishikia kitambaa. Tuliimba. Ile miezi miwili ndiyo mizuri zaidi niliyowahi kuishi na mdogo wangu.

Ngojeni kidogo, chai inamwagika jikoni.

Nimerudi.

Jumamosi moja alasiri, wiki mbili kabla ya Pasaka, tukaivalisha. Karanja na Joram walisimamisha mlingoti, nguzo ya alumini ndefu kuliko nyumba zote pale. Uliposimama ulifungwa kwa nyaya za chuma tatu zinazoshuka hadi kwenye matumbo. Nikavuta kamba mwenyewe. Tanga likapanda.

Wakuu, lilikaa. Hakuna mkunjo hata mmoja. Upepo mdogo ukaja kutoka upande wa Mathare, tanga likajaa, na ile boti ikajitingisha juu ya udongo mkavu kama inataka kuondoka. Waliokuwa wakitucheka walisogea karibu. Yule mama wa sukuma wiki akaweka kikapu chini.

Tulikuwa tumeiweka juu ya mkokoteni ili tuweze kuizungusha kuelekea upepo. Na mimi, kwa kiburi, kwa furaha, sijui niite nini, nikasema, "Itoeni barabarani. Watu waione."

Ni maneno yangu. Niliyasema kwa sauti na watu waliyasikia.

Karanja alisukuma nyuma, mikono kwenye fibreglass. Joram alitembea pembeni kwenye udongo ameshika ile waya ya chuma inayotoka kwenye mlingoti, ili boti isiyumbe. Mimi nilikuwa mbele narudi kinyumenyume, macho kwenye tanga, natafuta kasoro. Sikuwa nimeangalia juu zaidi ya tanga.

Pale kwenye barabara zilipita waya za stima za kwenda kwa mafundi.

Sitaeleza sauti. Sitaeleza harufu. Nitasema tu kwamba Karanja hakupata hata kovu kwa sababu alishika fibreglass, ambayo haipitishi umeme, na Joram alitupwa mbali na boti na viganja vyake vilikuwa vinatoa moshi.

Alikuwa hai. Katika ile gari tuliyoomba hadi hospitali, kichwa chake mapajani mwangu, aliniuliza kitu kimoja tu, kama tanga limeungua. Nikamwambia halijaungua. Nilidanganya.

Alilala hospitali miezi minne. Madaktari walifanya walichoweza, sina neno baya kwao. Mkono wa kulia ulibaki na kidole gumba na kipande cha kile kinachofuata. Wa kushoto vidole vyote vilikuwepo lakini vilikunjika ndani na havikufunguka tena.

Mbio za Pasaka zilifanyika akiwa wodini. Yule mzee wa klabu alikuja kumwona na mfuko wa machungwa, akakaa pembeni ya kitanda akaangalia ile mikono, akauacha mfuko akatoka. Machungwa nilimmenyea mimi.

Mtu asiye na vidole hawezi kushika kamba. Hawezi kushika usukani. Lakini hayo ni ya boti, na unaweza kuishi bila boti. Mtu huyo huyo hawezi kufunga kifungo cha shati, hawezi kufungua zipu ya suruali, hawezi kujiosha vizuri akitoka msalani. Hayo ni ya kila siku, na alikuwa na miaka ishirini.

Nilifanya yote. Miaka saba.

Nilimvalisha asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikamwachia chakula cha kula na kijiko kilichofungwa kwenye kiganja kwa kitambaa. Nilirudi mchana kwa kukimbia ili aende msalani. Msimamizi alijua, alifumba macho. Majirani waliniita mwanamke wa moyo safi. Kanisani nilitolewa mfano.

Hakuna moyo safi pale. Nilikuwa nalipia maneno yangu mawili. Kila nilipomfunga kifungo nilijisikia nikisema itoeni barabarani, itoeni barabarani. Wakati mwingine nililia nikimvalisha, naye aliangalia ukuta. Nilimwomba msamaha hata sijui mara ngapi. Alikuwa anasema, "Wacha hayo, sista." Nikaona ananisamehe kwa upole wake, nikazidi kujichukia.

Karanja aliniomba nimuoe. Samahani, anioe, naandika kwa haraka. Aliniomba mwaka wa kwanza, nikasema ngoja Joram apone. Mwaka wa tatu akaniomba tena, akasema Joram tutakaa naye, chumba kitakuwepo. Nikakataa. Niliona si haki mimi nipate nyumba na mume wakati mdogo wangu amekosa hata kushika kikombe. Karanja hakukasirika. Alirudi kwenye bodi zake na akawa ananisalimia kwa mbali.

Mwaka wa saba akaoa msichana wa kwao Murang'a. Alitualika, mimi na Joram, kwa sababu ni muungwana.

Asubuhi ya harusi nilikuwa namvalisha Joram shati jeupe. Nilikuwa nimejiambia sitalia. Nilifika kifungo cha tatu nikakiingiza kwenye tundu lisilo lake. Machozi yalidondoka kwenye shati.

Joram akasema, "Sista, usilie. Ile waya niliiona."

Nikamuuliza waya gani.

"Ya stima. Niliiona kabla hujasema tutoke. Nilipima kwa macho nikaona mlingoti utapita chini. Nilikuwa nishaamua kuitoa. Hata ungesema isitoke, ningeitoa. Nilitaka barabara yote ione."

Nilibaki nimeshika lile shati. Sikuelewa kwanza. Maneno yaliingia moja moja.

Nikamwambia, "Miaka saba, Joram."

"Najua."

"Miaka saba unaniona najilaumu. Umenisikia nikiomba msamaha hapa hapa. Umekaa kimya?"

Akainamisha kichwa. Alikuwa ameanza kupata mvi kidogo, mtu wa miaka ishirini na saba. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Ningekuambia, ungebaki?"

Nikarudi kwenye kifungo cha tatu.

Nilimaliza vifungo. Tukaenda harusini. Tukakaa benchi moja, nikamlisha pilau kwa kijiko mbele ya watu, na watu wakaniangalia kwa yale macho yao ya sifa. Karanja alipita akatushika mabega wote wawili. Nilimpongeza kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mwezi huo huo nilihama. Nilimwandikia binamu yetu aje kumchukua Joram nyumbani, nikapata kazi ya kushona Nakuru, nikaenda. Siku ya kuondoka Joram alikaa kitandani, shati nimemfunga mimi, akasema, "Safari njema, sista." Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu ili nipate kumjibu kitu.

Nilituma pesa kila mwezi. Barua sikutuma. Nilianza kuandika mara nyingi, nikafika "Mpendwa Joram" na hapo kalamu ikasimama, kwa sababu hasira ilikuwa inarudi. Nilijiambia itaisha kwanza, ndipo niandike vizuri.

Joram alifariki mwaka wa pili nikiwa Nakuru. Homa ya mapafu, siku nne tu. Binamu alisema hakusumbua mtu.

Nilifika nyumbani nikakuta kaburi limeshachimbwa.

Sasa nije kwenye funzo, maana najua kuna wa kuruka moja kwa moja hadi hapa chini.

Miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa kuchagua boti kama mshonaji badala ya kumsikiliza anayejua maji. Ni kosa, silikatai. Ukiwa na mtu anayejua kazi yake, funga mdomo umsikilize, hata kama ni mdogo wako na umemnunulia viatu. Na nyinyi mnaonunua hizo boti, mlingoti ni chuma, angalieni juu kabla hamjasimamisha kitu chochote. Mwenzenu ameshalipia somo hilo.

Lakini hilo silo linaloniamsha usiku.

Kinachoniamsha ni lile swali la Joram. Nimemkasirikia kwa kunyamaza, nimejaribu kuendelea kumkasirikia hadi leo, na nashindwa, kwa sababu najua jibu. Nisingebaki. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na Karanja alikuwa ananingoja. Ningelia siku mbili, ningemtafutia binamu, ningeenda, na Joram angebaki na ile mikono akimngoja mgeni amfungulie zipu. Alikuwa ananijua kuliko nilivyojijua. Aliniuliza akiwa tayari ana jibu, na mimi nikampelekea lile lile alilokuwa analiogopa miaka saba.

Kama una mtu anayejilaumu kwa kosa lako, mwambie ukweli leo, hata kama ataondoka. Na kama ni wewe umeambiwa, ondoka ukitaka, lakini andika ile barua hata kama ni mbaya. Andika ya hasira. Itume hivyo hivyo.

Haya, uwanja ni wenu. Wa skiff na wa katamarani endeleeni kubishana, nitasoma. Wenye maswali ya kushona tanga waulize, nitawajibu nikipata miwani.

Ila kama kuna mtu humu ametunza mgonjwa miaka mingi na anaweza kusema kwa mkono kifuani kwamba angebaki hata kama asingekuwa na hatia, aniandikie. Nataka kujua watu kama hao wapo, na walifanyaje.